Dai la Kwanza Lisilo na Kipimo

"Flokulanti inayojumuisha kopolima ya akrilamidi na akrilati, yenye uzito mkubwa wa molekuli, ambamo akrilati ni takriban asilimia 30." Hivyo ndivyo lilivyosomeka dai la kwanza katika karatasi za maombi ya hataza alizoniletea nyumbani, Jumapili alasiri, kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ambaye tulifanya kazi pamoja maabarani kwa miaka kadhaa. Chini yake yalifuata madai mengine 16, kila moja likianza kwa maneno yale yale, "Flokulanti kulingana na dai la 1", kisha likiongeza sifa moja: halijoto ya kukaushia, ukubwa wa chembe za unga, aina ya tope linalotibiwa. Alikuwa ameyapanga kwa uangalifu, na uvumbuzi wenyewe nauheshimu, kwa sababu nimeuona kwa macho yangu. Ndani ya silinda ya kioo ya lita 1 iliyojaa tope la madini ya kobalti, matone machache ya flokulanti yake, yaani dawa ya kuzishikanisha chembe, yalizifanya chembe zishikane kama maziwa yaliyoganda, zikashuka chini kwa pamoja, na maji ya juu yakabaki maangavu hata ukaweza kusoma gazeti upande wa pili. Sisi tunaoishi kwa kazi za viwanda vya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunajua thamani ya jambo hilo, maana tope lisilotulia kwenye dekanteri, yaani tangi la kutulizia, huzuia kila hatua inayofuata.

"Mama," aliniuliza, "umeona kosa lolote?"

Nilimjibu kwamba nimeona makosa 3 katika sentensi moja, na kwamba kila moja limerithiwa mara 16.

Hataza, ambayo wengi wetu hapa tunaiita breveti kwa kukifuata Kifaransa, ina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Maelezo hufundisha jinsi uvumbuzi unavyofanyika. Madai husema ni kitu gani hasa ambacho wengine hawaruhusiwi kukitengeneza wala kukiuza bila idhini ya mwenye hataza. Dai huru husimama peke yake. Dai tegemezi hulirejelea dai lililotangulia, hubeba sifa zake zote, kisha huongeza sifa nyingine, kwa hiyo eneo lake ni sharti liwe dogo kuliko eneo la dai ambalo limeliegemea. Mtu aliyewahi kununua parsele, yaani kiwanja, Katuba au Ruashi ataelewa upesi: dai huru ni mawe ya mpaka, na dai tegemezi ni nyumba iliyojengwa ndani ya mpaka huo. Mawe yasipojulikana yalipo, hata nyumba nzuri haijulikani imesimama katika ardhi ya nani.

Sheria zinasema hayo kwa maneno machache. Ibara ya 84 ya Mkataba wa Hataza za Ulaya inataka madai yawe wazi, mafupi na yenye kuungwa mkono na maelezo. Kifungu cha 112 cha sheria ya hataza ya Marekani kinataka mvumbuzi aainishe na kupambanua kile anachokiona kuwa uvumbuzi wake, na kinataka dai tegemezi liongeze kizuizi juu ya dai linalolirejelea. Sisi Kongo tunayo sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982 kuhusu mali ya viwanda, na nchi yetu imo katika Mkataba wa Paris kuhusu mali hiyo hiyo tangu 1975; maana yake, anayewasilisha maombi ya kwanza Kinshasa ana miezi 12 ya kuyapeleka katika nchi nyingine za mkataba huo huku akiihifadhi tarehe yake ya kwanza. Lakini kinachohifadhiwa ni kile tu kilichoandikwa siku ile ya kwanza, na hapo ndipo mimi mwenyewe niliumia, kama nitakavyoeleza.

Ugumu wa kudai polima unaanzia kwenye asili yake. Sukari ya mezani ina molekuli za aina moja, na kila moja ina uzito wa 342. Ukiutaja uzito huo umemaliza. Polima haiko hivyo. Mwaka 1920 Hermann Staudinger aliandika kwamba vitu hivi ni minyororo mirefu ya vitengo vidogo vilivyoungana, na kazi hiyo ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Vitengo vikiwa vya aina zaidi ya moja, huitwa kopolima. Ndani ya chupa moja ya polima imo minyororo mifupi, ya kati na mirefu mno, yote ikiitwa kwa jina moja. Namba yoyote tunayoitaja juu ya uzito wake ni wastani, na wastani hutafutwa kwa njia zaidi ya moja.

Tulichukua kalamu tukahesabu. Tuseme tuna minyororo miwili tu, mmoja una uzito wa 10,000 na mwingine 100,000. Wastani kwa idadi ni jumla ya uzito ikigawanywa kwa 2, yaani 55,000. Wastani kwa uzito humpa kila mmoja nguvu kulingana na uzito wake: 10,000 mara 10,000, ujumlishe 100,000 mara 100,000, kisha ugawanye kwa 110,000, na jibu ni karibu 91,800. Sasa andika dai linalosema "polima yenye uzito wa molekuli kati ya 50,000 na 80,000". Chupa ile ile imo ndani ya dai kwa hesabu ya kwanza na imo nje kwa hesabu ya pili, wala hakuna aliyedanganya katika hesabu yake. Ongeza kwamba wapo wanaosoma uzito wa kilele cha mchoro wa kromatografia, yaani njia ya kuitenganisha minyororo kwa ukubwa wake, wapo wanaoutafuta kwa mnato, na kwamba kromatografia yenyewe hutoa majibu tofauti kutegemea kama mashine ilisawazishwa kwa polistireni au kwa polima nyingine. Mshindani anayetaka kujua kama bidhaa yake imevuka mpaka hana pa kuanzia.

Jambo hili lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Kampuni ya Teva ilikuwa na hataza ya namna ya kutengeneza dawa ya Copaxone, ambayo ni kopolima ya asidi amino, na dai lilitaja uzito wa molekuli wa kilodaltoni 5 hadi 9, yaani 5,000 hadi 9,000, bila kusema ni uzito gani: wa kilele, wa wastani kwa idadi, au wa wastani kwa uzito. Lililowadhuru zaidi ni kwamba, mbele ya wakaguzi wa hataza, katika maombi mawili ya ukoo mmoja, waliwahi kujibu mara moja kwamba ni wastani kwa uzito na mara nyingine kwamba ni uzito wa kilele. Mahakama Kuu iliamua Januari 2015 kuhusu jinsi mahakama ya rufaa inavyopaswa kuyapima matokeo ya ushahidi, ikalirudisha shauri. Na mwezi Juni mwaka huo huo mahakama ya rufaa ikasema tena kwamba madai yale hayakuwa dhahiri. Kipimo kilichotumika kilitoka katika shauri la Nautilus la mwaka 2014, ambalo lilitaka dai limpe mtu wa fani hakika ya kuridhisha kuhusu mipaka yake. Kabla ya hapo ilitosha kwamba dai linaweza kutafsirika kwa namna fulani. Mimi naona badiliko hilo lilikuwa la haki, hasa kwa nchi kama yetu ambazo mara nyingi ndizo zinazosoma madai ya wengine zikijiuliza kama zinaruhusiwa kutengeneza.

Shauri la kampuni za Dow na Nova nalo linastahili kusomwa polepole na kila mwanakemia wa plastiki. Dow walidai polima za ethilini ambazo "mwinamo wa kigawo cha kukakamaa" ni 1.3 au zaidi. Ukivuta utepe wa plastiki kwa mashine, unapata mstari unaopanda kadiri plastiki inavyokaza, na mwinamo wa mstari huo ndio uliodaiwa. Lakini mstari si mnyoofu. Je, unapima mwinamo wapi? Njia 3 zilikuwa zinajulikana, na mtaalamu aliyeletwa na Dow akatumia ya 4, ya kwake. Njia hizo hazikutoa jibu moja, na hataza haikusema itumike ipi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliyaona madai hayo hayana udhahiri, na fidia ya nyongeza ikafutwa. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba nchini Kanada, katika hataza ya uvumbuzi huo huo wenye sifa ile ile ya 1.3, mahakama iliiona hataza ni halali mwaka 2014, Nova wakaamriwa kurudisha faida iliyozidi dola milioni 640 za Kanada, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikauthibitisha uamuzi wa faida hiyo mwaka 2022. Mstari mmoja wa maandishi ulipotea upande mmoja wa mpaka na ukaleta utajiri upande wa pili. Sentensi moja katika maelezo, ikitaja mahali pa kupimia mwinamo, ingewaondolea mahakimu wa nchi zote mbili mzigo huo.

Kijana wangu alinipinga kwa mfano mzuri. Alisema amesoma kwamba Hogan na Banks wa Phillips Petroleum, waliopata polipropilini ya fuwele kule Oklahoma mwaka 1951, walipewa hataza mwaka 1983 baada ya mabishano ya miaka 30 hivi, na dai lao lilitaja tu polipropilini iliyo ngumu katika hali ya kawaida na yenye kiasi "kikubwa" cha fuwele. Ikiwa neno "kikubwa" lilitosha kwao, kwa nini "uzito mkubwa" usitoshe kwake? Nilimwambia kwamba wale walikuwa wa kwanza kuifikia nchi tupu. Kabla yao hapakuwa na polipropilini ya fuwele ya kujitenga nayo. Yeye anaingia katika mtaa uliojaa nyumba. Flokulanti za poliakrilamidi zinauzwa duniani kote, na neno "mkubwa" halimtengi na hata moja kati ya hizo.

Sasa asilimia 30. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi kuliko yote, na huonekana dogo mpaka ulihesabu. Kitengo cha akrilamidi kina uzito wa 71.08, cha sodiamu akrilati 94.04. Ikiwa asilimia 30 ni ya moli, yaani vitengo 30 kati ya kila 100 vya mnyororo, basi kwa uzito sodiamu akrilati ni asilimia 36.2. Ikiwa asilimia 30 ni ya uzito, basi kwa moli ni 24.5 tu. Na ikiwa mwandishi alikuwa na asidi akriliki akilini badala ya chumvi yake, ambayo kitengo chake ni 72.06, moli 30 inakuwa asilimia 30.3 ya uzito, karibu namba ile ile, na ndiyo maana aliyezoea kuhesabu kwa asidi haoni haja ya kufafanua. Dai lake liliandikwa "akrilati" bila kusema chumvi ya nini wala asilimia ya nini. Nilimuuliza yeye alimaanisha nini. Alifikiri kidogo, akasema alimaanisha moli. Baadaye akafungua daftari lake, akakuta katika majaribio 4 ya mwisho alipima malighafi kwa mizani na kuandika asilimia ya uzito. Mvumbuzi mwenyewe alikuwa amesimama pande zote mbili za ukuta wake.

Hapo ndipo utegemezi unapoleta hasara yake kamili. Watu wengi hudhani madai tegemezi ni akiba: la kwanza likianguka, la pili litasimama. Hilo ni kweli pale ambapo la kwanza limeanguka kwa kuwa pana mno, kwa mfano kwa sababu limegusa kitu kilichokuwapo tayari. Lakini kama kosa ni utata, madai tegemezi hayaponyi chochote isipokuwa sifa yanayoiongeza ndiyo ile ile inayouondoa utata. Madai yake yale 16 yaliongeza ukavu, chembe na tope. Hakuna hata moja lililosema uzito gani wala asilimia gani. Yote yalibeba ndani yao mstari ule ule usiosomeka.

Kuna pia dai tegemezi linalotoka nje ya mzazi wake. Mfano ninaoutumia kufundishia si wa polima bali wa atorvastatini, dawa ya kolesteroli iliyouzwa kwa jina la Lipitor. Dai la 1 lilihusu asidi, laktoni yake na chumvi zake. Dai la 2 likabana likabaki na asidi peke yake. Kisha dai la 6 likasema ni chumvi ya kalisi ya kiwanja cha dai la 2. Lakini dai la 2 lilikuwa limekwisha kuziacha chumvi nje. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Marekani ililibatilisha dai la 6 kwa sababu halikupunguza eneo la dai la 2, bali lilisimama kando yake. Lingerejelea dai la 1, au lingeandikwa kama dai huru, lingekuwa salama. Katika polima mtego huu una sura nyingi. Anayeandika katika dai la 1 kwamba polima inatokana na vinili asetati, halafu katika dai la 4 akasema "polima kulingana na dai la 1, ambayo monoma yake ni alkoholi ya vinili", amefanya makosa mawili kwa pigo moja: ameibadilisha monoma ya mzazi, yaani molekuli ndogo inayounganishwa kuwa mnyororo, badala ya kuibana, na ameitaja monoma ambayo hakuna anayeipolimisha, kwa kuwa alkoholi ya vinili hugeuka asetaldehidi. Polivinili alkoholi hupatikana kwa kuhidrolisisha polivinili asetati. Ni vema kuandika "vitengo", wala si "monoma", kwa sababu baada ya upolimishaji monoma haimo tena. Kilichobaki katika mnyororo ni vitengo vilivyotokana nayo.

Mchanganyiko wa plastiki nao una hesabu yake. Karatasi ya pili ya kijana yule ilihusu kifungashio cha unga wake, na alidai filamu "iliyoundwa na" resini asilimia 60 hadi 80, kijazi asilimia 10 hadi 15 na kilainishi asilimia 1 hadi 3. Chukua kiwango cha juu cha kila kimoja: 80, 15 na 3, jumla 98. Hakuna filamu duniani inayoweza kulitimiza dai hilo, kwa kuwa maneno "iliyoundwa na" yamefunga mlango na sehemu 2 kati ya 100 hazina pa kutoka. Kisha dai tegemezi likaongeza rangi asilimia 2, kana kwamba ndiyo ijaze pengo, ilhali mlango uliofungwa na mzazi hauwezi kufunguliwa na mtoto. Dawa yake ni ama kuandika "inayojumuisha", ambayo huruhusu kingine kuwemo, ama kupanga viwango upya na kukitaja kila kinachoweza kuongezwa katika dai la kwanza lenyewe. Tunaoandika kwanza kwa Kifaransa tuwe macho hapa, maana katika mazungumzo ya kila siku "comprenant" na "constitué de" hupishana kama ndugu, lakini katika dai la hataza la kwanza liko wazi na la pili limefungwa.

Juu ya madai yanayorejelea mengi kwa pamoja, kama "kulingana na dai lolote kati ya 1 hadi 8", sitakawia. Ulaya huyakubali hata yakiegemeana. Marekani hairuhusu dai la namna hiyo liegemee jingine la namna hiyo, na Japani nayo imekataza kuegemeana huko tangu Aprili 2022. Lakini hata pale yanaporuhusiwa, yasome moja moja. Ikiwa dai la 3 limeibana polima iwe poliakrilamidi na la 5 linasema "ambamo vikundi vya asetati vilivyobaki ni chini ya asilimia 2", basi njia inayotoka la 3 kwenda la 5 inataja vikundi ambavyo havimo katika polima hiyo.

Sasa niseme lililonipata. Miaka mingi iliyopita, nikiwa katika maabara ya kampuni moja hapa mjini, niliandika maombi yangu ya kwanza juu ya mmumunyo wa kopolima, na katika dai la 1 nikatia mnato kwa namba nzuri ya duara bila kutaja halijoto, wala kasi ya kuzungusha viskometa, yaani kipima mnato, wala chumvi iliyokuwa ndani ya maji. Kwangu halijoto ilikuwa jambo la wazi. Lakini anayeijua Lubumbashi anajua kwamba asubuhi ya Juni unaingia maabarani ukiwa na koti, na mchana wa Oktoba unafungua madirisha yote. Mmumunyo ule ule unaoteleza vidoleni kama bamia nzito asubuhi ya baridi, huwa mwepesi mchana wa joto. Chumvi nayo ni zaidi: minyororo yenye chaji hujinyoosha katika maji safi kwa sababu chaji zinasukumana, na ukitia chumvi hujikunja, mnato ukashuka mno. Mkaguzi wa ofisi ya ng'ambo aliandika kwamba namba yangu haina maana bila masharti ya kipimo, na alikuwa sahihi. Nikaleta daftari la maabara, lililokuwa na halijoto, kasi na chumvi, yote kwa mwandiko wangu. Halikukubaliwa, kwa kuwa daftari halikuwa sehemu ya maombi, na Ibara ya 123 ya mkataba ule wa Ulaya hairuhusu kuongeza jambo ambalo halikuwemo siku ya kuwasilisha. Nilikuwa na ukweli mkononi, nisiruhusiwe kuuandika. Sijawahi kuisahau barua ile, na kila ninaposoma rasimu ya mtu mwingine natafuta kwanza halijoto.

Wapo wanaoshauri kwamba kipimo kikae katika maelezo na dai libaki fupi. Miongozo ya ofisi ya hataza ya Ulaya inaruhusu hivyo ikiwa kulieleza dai kwa kipimo kungelifanya refu mno, au ikiwa mtu wa fani anajua bila shaka ni njia gani itumike, au ikiwa njia zote hutoa jibu moja. Katika polima sharti la tatu halitimizwi mara nyingi, na la pili hutimizwa mara chache. Hata kiwango cha mtiririko wa plastiki iliyoyeyuka, kipimo cha kawaida kabisa viwandani, hakina maana bila halijoto na uzito wa kusukumia: polietilini kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 190 na kilo 2.16, polipropilini kwa nyuzi 230 na uzito huo huo. Ndiyo maana msimamo wangu ni kukiweka kipimo ndani ya dai la kwanza, hata kama sentensi itarefuka. Kungoja marekebisho ya baadaye si busara. Huko Ulaya baraza kuu la rufaa liliamua Machi 2015, katika shauri linaloitwa G 3/14, kwamba wakati wa pingamizi dhidi ya hataza iliyokwisha kutolewa, udhahiri wa dai huchunguzwa tu kwa kadiri utata ulivyoletwa na marekebisho yenyewe. Mwenye hataza akiunganisha dai huru na dai tegemezi lililokwisha kutolewa, utata uliokuwemo tangu mwanzo haugusiki. Baadhi ya wenzangu hulifurahia jambo hilo kama ngao. Mimi naliona ni mzigo unaohamishwa kutoka ofisi kwenda mahakamani, ambako utata ule ule utapimwa kwa gharama kubwa zaidi, na mara nyingi mbele ya mtu ambaye hajawahi kushika viskometa.

Tulikaa hadi giza lilipoingia, tukaandika dai la 1 upya. Tuliacha kabisa uzito wa molekuli. Minyororo ya flokulanti ni mirefu mno kwa kromatografia ya kawaida, na ukiupata uzito kwa kuukokotoa kutoka kwenye mnato unahitaji vigezo ambavyo kila kitabu kina vyake. Ni afadhali kudai mnato wenyewe uliopimwa, yaani mnato asilia, unaoonyesha kila gramu ya polima inauongeza mnato wa mmumunyo kwa kiasi gani. Likawa hivi: "Flokulanti inayojumuisha kopolima ya akrilamidi na sodiamu akrilati, ambamo vitengo vinavyotokana na sodiamu akrilati ni kati ya asilimia 25 na 35 kwa moli ya vitengo vyote vya mnyororo, na ambayo mnato wake asilia, ukipimwa katika mmumunyo wa sodiamu kloridi wa moli 1 kwa lita kwa nyuzi 25 za Selsiasi, si chini ya desilita 12 kwa gramu." Dai la 2 likabana moli kuwa kati ya 28 na 32. Dai la 3 likaongeza kiwango cha juu cha mnato. Yale ya ukavu na chembe tuliyaacha yafuate, na la tope tukaligeuza kuwa dai la njia ya kutumia flokulanti, kwa kuwa tope si sifa ya unga uliomo ndani ya mfuko.

"Mama," alisema akikunja karatasi, "hizi 12 nilizipima kwa joto la chumba."

Nilimwambia basi hatuna 12 bado. Kesho yake asubuhi, kabla ya saa 2, alinitumia picha kwa simu: viskometa ya kioo ndani ya beseni la maji, na kando yake kipimajoto kinachosoma nyuzi 22, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika usiku na beseni lilikuwa halijapata joto. Nilimwandikia asubiri ifike 25, aiache hapo dakika 20, ndipo aanze kuhesabu, na aandike saa, tarehe na halijoto katika karatasi ile ile itakayopelekwa Kinshasa.